Nilikula samaki nikanywa maziwa, sasa silali

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 26, kwetu Musoma, nimeolewa Tanga mwaka jana. Naishi na mume wangu nyumbani kwao, pamoja na mama mkwe na wifi yangu wa mwisho mwenye miaka 23. Nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza.

Shida yangu imeanzia kwenye chakula. Nyumba hii samaki hakosekani, leo changu, kesho vibua, keshokutwa dagaa. Mimi samaki nampenda, nimekulia ziwani. Lakini mama mkwe ana mwiko mmoja hautanguki: aliyekula samaki hagusi maziwa mpaka asubuhi ya pili, na aliyekunywa maziwa asubuhi hali samaki siku hiyo. Anasema viwili hivi vikikutana tumboni huleta mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, na kwa mjamzito humtokea mtoto. Sasa samaki ni wa kila siku, kwa hiyo maziwa nimeyaacha kabisa, na kliniki nesi ananiuliza kila nikienda kama nakunywa.

Kwetu hatukuwa na mwiko huo. Ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha na bakuli la maziwa ya mgando vilikaa mkekani pamoja, na sikumbuki mtu wa kwetu aliyepata mbalanga. Nilipomwambia mama hivyo alinijibu, "Huko kwenu ni samaki wa ziwani. Hawa wa bahari wana nguvu nyingine." Sikujua nimjibu nini.

Wiki mbili zilizopita nilikunywa glasi moja ya maziwa kwa jirani, na mchana wake nilikuwa nimekula jodari. Jirani bila kukusudia ubaya akalitaja mbele ya mama. Mama hakunigombeza. Alikaa kibarazani akalia, kisha akasema, "Mimi nilikaidi kama wewe, na nimeona. Mtoto akitoka na mabaka usije ukanililia." Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Nilichelewa kukuambia kwamba huyu wifi yangu ana mbalanga. Ilimwanza ana miaka 9, mdomoni na vidoleni, sasa imezunguka macho na imefika magotini. Ni binti mpole, fundi mzuri wa cherehani, lakini hatoki mpaka ajifunike uso. Posa mbili zimevunjika. Pemba kuna shangazi yao, dada wa marehemu baba mkwe, naye anayo. Mume wangu nikimlalamikia ananiambia, "Mvumilie mama."

Kila asubuhi nameza vidonge vyangu vya damu kwa chai ya rangi na mkate, kisha nasimama kwenye kioo naikagua ngozi yangu. Nimesoma mpaka kidato cha nne na nilijiambia haya ni mambo ya kale, lakini usiku silali. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nitaishije na mama?

Mke wa watu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mzigo uliojaliwa.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Glasi ile haikumdhuru mtoto wako. Samaki na maziwa havileti mbalanga, si kwa mama aliyekula wala kwa mtoto aliye tumboni, awe samaki wa ziwa au wa bahari. Vikifika tumboni vyote viwili huvunjwavunjwa, protini ya jodari na protini ya maziwa zinakuwa vipande vilevile vidogo, na mwili hauna namna ya kukumbuka kipi kilitoka baharini na kipi kwa ng'ombe. Funika kioo, ulale.

Mbalanga, ambayo hospitalini huitwa vitiligo, chanzo chake ni kinga ya mwili. Ile kinga iliyowekwa kupigana na maradhi inageuka na kuzishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Zikifa, pale zilipokuwa panabaki peupe. Haiambukizi kwa kugusana, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kula sahani moja. Inapatikana kwa kila kabila la dunia, mtu 1 hivi au pungufu katika kila watu 100, na walio wengi huwaanza kabla ya miaka 30. Huwa inafuata damu, takriban mgonjwa 1 kati ya 5 ana ndugu mwenye nayo. Sasa soma tena barua yako. Umenitajia shangazi wa Pemba kana kwamba ni jambo la pembeni, nami nadhani ndiye mwenye jibu ambalo nyumba yenu imelitafuta kwenye chungu cha samaki. Wifi yako na shangazi yake wana damu moja. Na hata hivyo usianze hofu mpya kwa ajili ya mwanao, kwa maana hata watoto wa mtu mwenye mbalanga mwenyewe, wengi wao hawaipati.

Mimi nimelelewa Pangani na mwiko huuhuu. Bibi yangu alikuwa anasuuza sufuria ya maziwa mara mbili kabla ya kuitia kwenye kabati moja na ya samaki. Kwa hiyo sikuja kumcheka mavyaa wako. Kuna jambo alilokuambia ambalo ningependa ulisikie vizuri, kwa sababu ndani yake mna ukweli ambao wewe kwa kukulia ziwani usingeweza kuujua.

Amesema samaki wa bahari wana nguvu nyingine. Wako samaki wa bahari, jodari, vibua, nguru na jamaa zao, ambao nyama yao ina kwa wingi kitu kinachoitwa histidini. Samaki hao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hukigeuza kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kuchoma. Atakayemla huweza kuwashwa midomo, uso ukawa mwekundu, mwili ukafura mabakamabaka, kichwa kikamgonga na moyo ukamwenda mbio, yote hayo katika dakika chache au saa moja mbili baada ya kula. Sasa fikiria pwani hii kabla ya barafu na friji, ngalawa inarudi na jua la saa sita, jodari anauzwa jioni, na usiku mtu anateremshia kikombe cha maziwa. Anaamka anajikuna, ngozi imejaa mabaka. Atamlaumu nani? Jodari amemla mara elfu bila tabu. Atalaumu kile kilichozidi siku hiyo. Mimi naamini mabaka ya namna hiyo yamechangia sana kuushikisha mwiko huu kwenye vichwa vya watu wa bahari, na sato wenu wa ziwani, ambaye hana tabia hiyo, hakuwapa watu wa Musoma sababu ya kuuogopa. Lakini mabaka hayo huondoka yenyewe kwa siku moja hivi na hayahusiani na mbalanga hata kidogo. Ukinunua jodari, nunua aliyelazwa kwenye barafu, na ukihisi ulimi unachoma kama umelamba pilipili, mtupe, uwe umekunywa maziwa au hukunywa.

Na wako wanaoumwa tumbo kweli wakinywa maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika mwili wao umepunguza kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, wakinywa yasiyoganda tumbo linajaa na kunguruma. Hao akili yao hukimbilia kwa samaki aliyetangulia. Wakinywa ya mgando mara nyingi hayawasumbui.

Mwiko wenyewe ni mkongwe kuliko Tanga. Vitabu vya tiba ya kale ya Kihindi, kile cha Charaka hasa, vinawataja samaki na maziwa kuwa maadui. Matabibu wa Kiarabu, waliojifunza kwa Wagiriki kina Galen, nao walisema mwili una maji manne, na kwamba samaki na maziwa vyote ni baridi na vyenye unyevu, vikichanganywa huzidisha balghamu, mojawapo ya maji hayo. Ukimsikia mama anasema chakula hiki cha baridi na kile cha moto, elimu ndiyo hiyo, imefika kwetu na majahazi, kama vilivyofika viungo vya pilau.

Kipo kisa kinachosimuliwa cha al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9. Alikaa chakulani na tabibu Yuhanna ibn Masawayh, wakaletewa samaki, kisha nyama iliyopikwa kwa maziwa yaliyochachuka. Tabibu akakataa kuchanganya. Al-Jahiz akamwambia: kama viwili hivi vina tabia moja, basi ni sawa na kula kimoja mpaka nishibe, na kama vinapingana, kimoja kitakuwa dawa ya kingine. Tabibu akasema yeye hana ubishi, lakini ale aone. Akala, na usiku ule akapooza upande mmoja. Wanaokisimulia hukitoa kama ushahidi dhidi ya ulafi na ubishi. Mimi kinanifundisha jambo jingine. Kule Iraki waliogopa kupooza, kwetu tunaogopa mbalanga, na kwingine sahani hiyohiyo inalaumiwa kwa maradhi mengine kabisa. Sumu ya kweli haibadilishi maradhi kila inapovuka bahari. Na wako wanaoipika bila kuwaza: Wafini wana supu yao ya samaki wa samoni na maziwa, Waskoti huchemsha samaki wa moshi ndani ya maziwa, na Wabengali, ambao ni jirani kabisa na hao walioandika katazo, wana mchuzi wa samaki kwa mtindi wanaoupika kwenye sherehe zao.

Iwapo mama atakuambia ni jambo la dini, mjibu kwa upole kwamba katika Surat an-Nahl, aya ya 14 inataja nyama ya baharini kuwa ni neema na aya ya 66 inayataja maziwa kuwa ni neema, sura moja hiyohiyo, na hapana aya inayovitenganisha. Waliovitenganisha ni matabibu, na tabibu hukosea.

Sasa nije kwenye kile kilichoniuma katika barua yako. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na mwiko wa chakula nimejifunza kuusikiliza kwa kuuliza ni nani anayebeba lawama ukivunjwa. Mara zote nimemkuta mwanamke. Mtoto akizaliwa bila nywele, mama alikula mayai. Mtoto akiwa na alama, mama alikula hiki, alitazama kile. Sijawahi kusikia mtoto ameharibika kwa alichokula baba yake.

Mama mkwe wako alikuambia, "Mimi nilikaidi, na nimeona." Hapo alikuwa anakiri, mwanangu. Alipokuwa na mimba ya wifi yako alikula samaki akanywa maziwa, kama walivyofanya wanawake wasiohesabika. Binti akafika miaka 9, ngozi ikaanza kupauka, na mtu fulani, labda mkwe wake, labda jirani, labda mganga, akamuuliza ulikula nini. Akakumbuka. Tangu hapo kila baka lililoongezeka kwenye uso wa mwanawe amelisoma kama hati ya mashtaka yake. Posa ya kwanza ilipovunjika alijilaumu, na ya pili vilevile. Kisha akasikia habari ya wewe na glasi ya maziwa. Kile kilio cha kibarazani hakikuwa cha hasira juu yako.

Kwa hiyo usiende kwake na hoja za kidato cha nne, wala barua yangu usimsomee kumshinda. Nenda na wifi yako kwanza. Muulize, mkiwa wawili, kama amewahi kuonwa na daktari wa ngozi. Natabiri atasema amepelekwa kwa waganga tu. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Bombo, na ikibidi aombe rufaa kwenda Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilicho hospitali ya KCMC tangu 1992. Kwanza wahakikishe ni mbalanga kweli, kwa sababu ukoma nao huanza kwa doa lililopauka. Doa la ukoma mara nyingi halihisi mguso, la mbalanga linahisi kama kawaida. Akiwa na doa lisilohisi asikae hata wiki, maana dawa za ukoma ni za bure na zinaponya.

Mbalanga ina tiba, ingawa si ya kufuta mara moja. Zipo dawa za kupaka zinazotuliza kinga ya mwili, na upo mwanga maalumu wa UVB ambao mgonjwa hukaa mbele yake mara mbili tatu kwa wiki kwa miezi mingi. Uso huitika vizuri zaidi, vidole ndivyo vigumu kuliko vyote. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka iitwayo ruxolitinib kwa ajili ya kurudisha rangi, lakini bei yake ni kubwa mno na simtegemezi nayo mtu wa kipato chetu. Huku akingoja, mabaka yake ayakinge na jua kwa sababu yanaungua upesi. Asichanjwe chale wala asipakwe dawa za kuchoma, maana kwa mwenye mbalanga ngozi ikijeruhiwa, baka jipya huweza kuota palepale kwenye jeraha. Na mkorogo, wa kuipausha ngozi nzima ifanane na mabaka, asiuguse kabisa.

Siku hizi za katikati utakula nini? Mwiko wa mama unatenganisha siku, basi zitenganishe. Siku tatu za wiki ziwe za maziwa, na kitoweo chake kunde, maharage au mayai. Siku nne zilizobaki kula samaki. Mimba haihesabu kwa sahani moja wala kwa siku moja, na kwa mpango huo utakunywa maziwa mezani mbele ya mama badala ya kwa jirani. Yachemshe, mabichi yana maradhi yake. Dagaa uwale wazima pamoja na mifupa yao, ndimo ilimo chokaa ya mifupa ya mwanao siku ambazo hakuna maziwa. Papa na sulisuli uwaache mpaka ujifungue, hata wakiwa ng'onda, kwa kuwa samaki wakubwa wawindaji hulimbikiza zebaki mwilini na kuwakausha hakuitoi.

Lakini kuna vitu viwili unavyovikutanisha kila siku ambavyo kweli havipatani, na hakuna aliyekukataza. Ni vidonge vya damu na chai ya rangi. Chai hukamata madini ya chuma tumboni ikayazuia yasiingie kwenye damu, na sehemu kubwa ya kidonge unachokimeza inapotelea chooni. Maziwa nayo huyapunguza yakinywewa wakati uleule. Meza kidonge kwa maji, au kwa maji ya ndimu au chungwa, ambayo husaidia chuma kuingia, kisha chai isubiri saa moja au mbili. Hilo mwambie mama, atalifurahia. Yeye na waliomfunza hawakukosea kusema kwamba vyakula vinakutana tumboni na vingine vinagombana, na hata hospitalini tunamkataza mtu kumeza doksisaikilini, dawa ya kuua bakteria, kwa maziwa. Walikosea tu katika kuvitaja vinavyogombana.

Mumeo umwambie nimesema "mvumilie mama" haitoshi. Yeye ni mtoto wa mama huyu na kaka wa binti huyu. Nauli ya kwenda hospitali aitoe yeye, na siku hiyo asiende kazini. Amchukue dada yake, na mama yake pia, waingie wote kwa daktari, mama akae kwenye kiti cha karibu. Kabla hawajaingia mumeo amnong'oneze daktari kwamba kuna mtu anayejilaumu, ili asilipite jambo hilo kwa haraka. Na mkishaingia ndani msimsemee mama. Mwacheni aulize mwenyewe kama ni yeye aliyemfanya mwanawe hivi. Ni miaka 14 analo swali hilo, na hajawahi kukaa mbele ya mtu anayeweza kumjibu.